Fremu Tano

Shemeji yangu Thuwaini alileta mizinga kutoka Nizwa,
myeupe, ya orofa mbili,
imefungwa kamba kwenye pikapu kama makabati ya bi harusi.
"Nyumba za kisasa hizi. Wape nafasi, watazaa."
Sikumbishia. Aliyepanda mlima hadi Saiq kwa gia ya kwanza
humkaribishi kwa ubishi. Nilimpa kahawa.

Marehemu Sulaiyim alifuga katika magogo ya mtende.
Gogo lilikuwa na urefu wa mikono yake miwili, kiwiko hadi kidole,
na kundi likiwa dogo alikisukuma kifuniko ndani,
akakisiliba udongo pale pale walipoishia nyuki.
"Basi," husema, "wasije wakapoteana humo."
Nami nikidhani ni uvivu wa kuchonga.

Mwaka ule makundi matatu niliyahamishia kwenye orofa mbili.
La nne likabaki gogoni, si kwa hekima:
mgongo ulikataa.
Desemba, alfajiri, mfereji wa falaji ulikuwa na ngozi ya barafu
ya kuvunjwa kwa ukucha.

Februari nikafungua.
Nyuki wa kiganja kimoja, wameshikamana,
vichwa ndani ya vijumba vitupu,
na asali ipo, jamani, asali ipo,
viganja viwili pembeni, imefunikwa nta, haijaguswa.
Walikufa njaa wakitazamana na ghala.
Hapo katikati palikuwa na baridi tu,
na baridi ile hakuna aliyeweza kuivuka.
Mzinga wa pili vivyo hivyo.
Wa tatu niliufunga nikarudi ndani.

Jioni nililigonga gogo kwa kidole.
Likajibu.

Siku hizi nahesabu.
Mikunazi ya bondeni ikishamaliza maua
nafungua mapema asubuhi, kabla hawajatawanyika,
nahesabu fremu walizozijaza, si zile ninazotamani wajaze.
Wakijaza tatu, nawapa tatu za kulalia
na mbili za asali, moja kila ubavu, karibu, za kufikiwa kwa hatua.
Tano. Orofa ya juu naishusha.
Natia ubao, na nyuma ya ubao nashindilia makuti makavu
na gunia la mchele.
Mlango naubana hadi nyuki wawili wapishane kwa adabu.

Nyumba njema si mlango, alikuwa akisema bibi yangu wa Wete.
Sijui angesemaje kuhusu dari.

Na msinifanye mjuzi. Mwaka juzi niliogopa kupita kiasi,
nikawabana kundi zima zuri kwenye fremu nne;
Januari wamekwisha kula kila kitu,
nikawakuta wanatambaa sakafuni kama wazee waliodondosha miwani.
Niliwapa sukari. Walipona nusu.
Kipimo si udogo. Kipimo ni wao.

Mwanangu Muhaira hunipigia kutoka Doha, nimwone, anione.
"Mama, mbona nyumba yote giza? Taa moja tu?"
Vyumba sita alivyonijengea kwa mshahara wake,
sebule ya wanaume, sebule ya wanawake,
marumaru inayorudisha sauti ya kandambili zangu.
Nimemwambia balbu zimeungua.
Ukweli ni kwamba kitanda nimekiingiza stoo, kando ya jiko,
mkono ukinyooka unafika kwenye birika,
ukinyooka upande wa pili unafika kwenye tende.

Jana usiku upepo uligeuka, komamanga zikagongana matawi matupu.
Nilijitanda shali, nikatoka na tochi, nikaizima,
nikaegesha sikio kwenye mbao.
Wanavuma chini chini,
kama birika lililo mbali kidogo na kuchemka.

Nikarudi. Nikafunga mlango wa stoo.
Pengo la chini nimeliziba kwa gunia la mchele,
ndugu wa lile la mzingani;
niliyanunua pamoja.